Minyoo ya Mtumbwi Mbovu

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kuwataja watoto wake kwa wageni. Kaka yangu alikuwa "huyu wa kahawa". Marehemu dada yangu alikuwa "yule aliyekuwa na mikono". Mimi nilikuwa "huyu aliyeolewa kwenye mchanga". Alisema hivyo mbele yangu, bila chuki, kama mtu anavyoeleza kwamba mwanawe mmoja haoni vizuri, na wageni walinigeukia kwa huruma. Nina watoto wazima, nina nyumba ya bati, nina mume ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono. Kwa mama hayo yote yalikuwa mapambo. Mwanamke asiye na udongo, kwake, alikuwa mgeni wa kudumu nyumbani kwa watu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya ndoa nimeishi nikitaka jambo moja. Nilitaka mama ashuke kutoka Mbinga, asimame nyuma ya nyumba yangu huku ziwani, achote udongo wangu, aufinye, akiri kwamba ni udongo. Wala sikuhitaji anisifu.

Asiyejua Umatengo anaweza kuona nakuza mambo. Kwetu ni milima mitupu, na mtu akilima ovyo, mvua moja inampelekea shamba lake kwa jirani wa bondeni. Ndiyo maana tunalima ngolo. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, vikatokea vyumba vya mraba mteremko mzima. Kisha wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila chumba na kuyafukia majani yale kwa udongo waliochimba. Yanabaki mashimo yamezungukwa na matuta, na ukisimama mlima wa pili unaona kama sega la nyuki. Maji yanatulia mashimoni, majani yanaoza chini kwa chini, maharage yanastawi, na baadaye mahindi. Mwanaume anaweza kufyeka vibaya na asisemwe. Mwanamke mwenye ngolo zilizopinda atasemwa hadi kanisani.

Ngolo za mama hazikuwahi kupinda. Walikuwa wanakuja kuziangalia.

Mimi sikupata hata nafasi ya kuzipinda zangu. Nikiwa mdogo, mama mwenyewe alinipeleka Mbinga mjini kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa, nikamfulia, nikampikia, nikambebea watoto, na nilipomaliza kumuuguza nikawa nimeshakuwa msichana wa kuposwa. Niliporudi nyumbani na kushika jembe, viganja vilitoa malengelenge siku ileile. Mama aliviangalia, akatikisa kichwa. Siku nilipotafuta jembe jepesi kidogo alisema, "Mchagua jembe si mkulima," na wote wakacheka. Alikwisha kusahau nani alinipeleka mjini. Alikumbuka tu kwamba nilirudi na mikono laini, na huyo ndiye mtu niliyebaki kuwa machoni pake.

Nikaolewa na Mnyasa, mvuvi, kusini mwa Mbamba Bay. Nyuma ya nyumba aliyonijengea palikuwa na kiwanja ambacho zamani mbuzi wa baba yake walikuwa wakilala. Ni mchanga. Unamwaga ndoo ya maji, unageuka kuchukua nyingine, ukirudi pamekauka. Mwaka wa kwanza nilipanda mboga ya chinese, ikaota njano, ikafa njano. Nikapanda tena, ikafa tena. Mume wangu alisimama mlangoni akicheka, si kwa ubaya.

"Mama watoto, huku tunalima mihogo na samaki. Mboga zinatoka kwenu Mbinga."

Na kweli zilitoka kwetu. Zilishuka na malori, zimenyauka na kupauka, nami Mmatengo nikawa napanga foleni kununua majani yaliyoota nyumbani kwa watu ninaowajua. Aibu hiyo sikuizoea.

Habari ya minyoo niliisikia kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Bibi shamba alikuja akatuambia kwamba hata mchanga unaweza kugeuzwa ukipata mboji ya kutosha, na kwamba wako minyoo wadogo wekundu wanaokula uozo na kutoa mboji nzuri kuliko samadi yoyote. Alisema si hawa wakubwa weupe wa shambani, bali wale wanaokaa kwenye takataka zenye unyevu. Wenzangu walikunja nyuso. Mimi nilijua mara moja walipo. Nyuma ya nyumba ya kaka yangu kuna lundo la maganda ya kahawa, na tangu utoto ukilifukua unawakuta wamejikunja humo kama nyuzi za sweta lililofumuka.

Nilipopanda kwenda ubarikio wa mtoto wa kaka, nilirudi na kopo lililojaa maganda na minyoo, nimelifunika kwa jani la mgomba. Kondakta wa basi akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia mbegu. Mama alikuwa amenisindikiza hadi kituoni na hakuuliza kitu. Nadhani alidhani ni samli.

Minyoo inahitaji nyumba yenye giza na ubaridi. Ufukweni kulikuwa na mtumbwi wa marehemu baba mkwe, umepasuka tezi, ule upande wa nyuma, umelala kifudifudi miaka na miaka kwa sababu hakuna mtoto anayethubutu kuufanya kuni mtumbwi wa baba yake. Niliuomba. Mume wangu aliongea na ndugu zake, wakacheka hadi wakakohoa. "Mtumbwi wa mzee sasa unapakia minyoo!" Lakini wakaubeba, wakauweka juu ya mawe kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, ule upande uliopasuka ukiwa chini kidogo ili maji yachuruzike kwenye sufuria bovu. Nikatandika maboksi niliyoyachana na kuyalowesha, nikaweka majani makavu ya mgomba, nikaweka mavi ya mbuzi niliyoyaacha hadi yakapoa kabisa, maana yakiwa ya moto yanaunguza. Juu yake nikamwaga wale wa kwenye kopo, nikafunika kwa gunia bichi.

Nilikosea sana mwanzoni. Nikawapa matumbo ya samaki, maana ndiyo takataka ya huku, na siafu wakaja kwa mistari wakanimalizia karibu wote. Nikawapa maganda ya malimau, wakakimbilia pembeni kama watu waliofukuzwa kwenye msiba. Nikajifunza: maganda ya ndizi na ya papai, majani ya mboga, unga ulioharibika kidogo, hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kitu cha ziwani. Gunia lisikauke na lisiloane sana. Majivu yazunguke miguu ya mawe kuzuia siafu. Baada ya muda ukifunua unakuta kitu cheusi, chepesi, kisicho na harufu ya kinyesi wala ya uozo, bali harufu ya ardhi ya kwetu asubuhi ya mvua za kwanza. Mara ya kwanza nilipoinusa niliinama pale juu ya mtumbwi nikalia, na nilikuwa mtu mzima.

Halafu nikafanya kilichowafurahisha majirani zaidi. Nikalima ngolo kwenye mchanga, mahali pa tambarare, pasipo mlima wowote. Nikakata matete kando ya mto, nikayalaza kwa mistari, nikafukia, nikachanganya mboji. "Mmatengo anawachimbia kuku makaburi," walisema. Matuta yakabomoka mvua ya kwanza. Nikalaza matete mara mbili ya yale, nikapanda maboga pembeni yashike, nikamwaga maji ya mtumbwini. Yakabomoka kidogo. Msimu baada ya msimu nikafukia majani, nikafukia mboji, na minyoo nayo ikahama yenyewe kutoka kwenye mboji ikaingia chini ya matuta. Nikaja kuona siku moja kwamba nimemwaga ndoo ya maji na maji bado yapo. Nikachota, nikafinya, donge likashika. Nikakaa nalo mkononi.

Nilipata figiri, nikapata mchicha wa kukata na kurudia, nyanya, vitunguu, chinese yenye majani mapana. Wanakwaya walikuja na vikapu. Wakati wa baridi, nilipoona usiku umepoa vya kutosha, nikajaribu hata maharage, ambayo huku kila mtu alisema hayakubali. Yakachanua.

Mgogoro ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa chambo. Kwa wavuvi mnyoo si kitu cha kufugwa, ni kitu cha kuchomeka kwenye ndoano. Na huku chambo hakinyimwi. Mnyoo umetoka ardhini, ardhi ni ya Mungu, na mtu anayemnyima mwenzake chambo ni sawa na anayemnyima kaa la moto. Shemeji zangu walipita wakiniambia, "Shemeji, tupatie wachache basi," nami nikawajibu kwamba hao wangu ni wafanyakazi, hawaliwi. Wakaniita mchoyo. Nikasema sawa. Mume wangu alikuwa upande wangu, lazima niseme ukweli. Ni yeye aliyezungushia bustani ua wa matete, na ni yeye aliyewaambia ndugu zake wakachimbe kwingine.

Mwaka ule baridi ya Mbinga ilimshika mama miguu. Kaka akanipigia simu: mama anataka kushuka ziwani apate joto, na anataka kuona hilo shamba ambalo watu wanasema ninalo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyejua uzito wa anachosema, kwamba mama amefunga mbegu zake kwenye khanga. "Anasema kama udongo upo kweli, atakuachia."

Mbegu zile nilizijua. Maharage madogo ya rangi ya maziwa yaliyoiva, na mengine yenye mistari kama ya bundi, ambayo hayauzwi sokoni. Mama alipewa na mama yake, na huyo na mama yake. Nilidhani alikwisha kuamua kumpa mke wa kaka, kwa kuwa dada alifariki. Kumbe alikuwa amesubiri. Nilipokata simu nilikwenda bustanini nikang'oa kila jani la magugu. Nilipalilia hata pasipo na magugu.

Mume wangu naye aliingiwa na hofu, lakini ya kwake. Kwetu na kwao, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli naye, huketi naye mkeka mmoja, humtazami usoni, unamsalimia umechuchumaa kwa mbali. Njia pekee aliyonayo mwanaume ya kumwambia mama mkwe kwamba anamheshimu ni kile kinachowekwa kwenye sahani yake. Na upepo wa mwera ulikuwa unavuma, ziwa limechafuka, nyavu hazitoki. Ndani tulikuwa na usipa mkavu tu, vile vidagaa vya ziwani vya kila siku.

"Mama mkwe hapewi usipa," alisema.

"Tuchinje kuku."

"Kwao hakuna kuku? Ashuke mlima mzima aje ziwani ale kuku?"

Alisema kweli. Ningempa mama usipa, mkutano mzima wa ukoo ungeijua habari hiyo.

Nikaenda Mbamba Bay kumpokea. Basi likaharibika njiani, Tingi, likalala huko, nami nikalala kwa mwanakwaya mwenzangu. Mama alifika kesho yake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, khanga imefungwa fundo kubwa na ameishika kifuani. Tukapata gari hadi kwetu. Njia nzima nilimweleza habari za mchanga na mboji, nikajisikia nikiongea haraka kama mtoto. Alikuwa anaitikia, "Ee. Ee." Nilikuwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka naona haya.

Tulipofika, mume wangu alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya nyumba, ameshusha macho, anapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za hapa, baba?"

Na pale uani, juu ya chanja, palikuwa na kambale. Si wawili watatu. Kambale wanene kama paja, wamepasuliwa, moshi unawapita, na ndani ya beseni wengine bado wanapumua. Shemeji zangu wamesimama nyuma, wanachekelea. Mama alishika mdomo. Huko milimani samaki ni kitu kikavu cha kukung'uta vumbi. Hajawahi kupokelewa hivyo popote, nami kwa dakika moja nilimpenda yule mwanaume kama nilivyompenda siku ya kwanza.

Nikazunguka nyuma kuchukua maji ya mama ya kunawa.

Mtumbwi ulikuwa umepinduliwa. Kila kilichokuwemo kimetawanywa mchangani, na jua limekwisha kukikausha. Kwenye bustani matuta yamepasuliwa moja moja kwa jembe, matete yaliyooza yamevutwa nje, kwa sababu huko chini ndiko minyoo ilikuwa imejaa zaidi. Wakati wa kiangazi mchanga wote ule hauna mnyoo hata mmoja, na kambale wa mdomo wa mto msimu huo hawataki kitu kingine. Ua, mume wangu na ndugu zake walikuwa wameufungua wapite na ndoo, na hawakuufunga. Mbuzi waliingia, wakamaliza. Maharage yalikuwa vijiti.

Mume wangu alikuja nyuma yangu, akanong'ona akiwa na furaha tele.

"Nimetumia yote. Ndoano hazikurudi tupu hata moja. Umewaona wale?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye pale, na alikuwa anatabasamu, mikono bado inanuka samaki, macho mekundu kwa kukesha kwa ajili ya mama yangu. Mdomo ulifunguka nimpasulie, na nikasikia sauti ya mama kutoka uani.

"Mwanangu, hilo shamba liko wapi?"

Sasa mtu ataniuliza: kwa nini hukusema? Ungemwambia tu mama yako kilichotokea. Huyo atakuwa hajakaa ukweni. Mke akimshtaki mumewe mbele ya mama mkwe, amemvua nguo. Mama asingeweza kugusa wale samaki, kwa sababu wangekuwa samaki wa ugomvi. Angelazimika kufunga mzigo wake na kuondoka jioni ileile na miguu yake ile, na mume wangu asingeweza tena kupanda Mbinga. Na mwenyewe asingeweza kujitetea, maana hawezi kusimama akazungumza na mama. Yule anayejua mila vizuri ndiye anayefungwa nazo. Mama alinifundisha vizuri.

Nikampeleka. Alitembea polepole, akasimama kwenye ua uliofunguliwa, akatazama mashimo, vijiti, mavi mabichi ya mbuzi. Kisha akainama, kwa shida, akachota mahali ambapo tuta lilikuwa limemwagwa na kuchanganyika na mchanga na kukauka. Akafinya. Alipofungua kiganja, vyote vikatiririka kati ya vidole.

"Ni mbuzi, mama," nikasema. "Waliingia jana."

"Mbuzi huingia palipoachwa wazi," alisema mama.

Akajikung'uta mikono. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo liliniumiza. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuta kile alichokitarajia.

Alikaa nasi wiki kadhaa na hakurudi tena nyuma ya nyumba. Alikaa juani mbele, akanyoosha miguu, akala samaki. Alikula kwa raha, akanyonya mifupa, akasimulia kwa majirani waliokuja kumsalimia kwamba hajawahi kuona mkwe kama huyu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Kila mlo niliupika mimi na kuupeleka mimi. Nilijua kila kambale amekula nini kabla hajaliwa na mama, na bado nilimuuliza kama chumvi imetosha.

Kila jioni nilidhani kesho nitatafuta maneno. Nilikwenda hata bustanini nikatafuta donge moja ambalo halijakauka nimpelekee mkononi, kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu. Nilipata kipande chini ya tuta la mwisho, cheusi, kizima. Nilikiangalia nikakitupa. Mama hakushuka mlima aonyeshwe donge.

Siku ya kuondoka nilimsaidia kufunga mzigo. Lile fundo la khanga lilikuwa bado lilivyokuja. Alilishika, akaniangalia, akaniwekea mkono shavuni, mkono wake mgumu kama gome.

"Hizi nitampa mke wa kaka yako," alisema. "Yeye ana mikono. Wewe usihuzunike, mwanangu. Umepata mume. Mtu hapewi vyote."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nje, mume wangu alikuwa amechuchumaa palepale kwenye kona. Mama akasimama mbali, akamgeuzia upande kama desturi, akasema kwa sauti ili asikie: "Baba, nimefurahi. Nimeona kila kitu, nimefurahi. Mungu akulinde majini." Yeye akapiga makofi, na nikaona machozi machoni pake.

Gari lilipoondoka ndipo nilipompigia kelele, hadi jirani akazima redio asikie vizuri. Nilimwita kila jina. Alinisikiliza, akashangaa, kisha akaumia.

"Nilimtafutia mama yako chakula," alisema. "Nilikesha mtoni na mwera ule. Minyoo si itazaliwa tena?"

Na ilizaliwa. Mayai yalibaki kwenye vipande vya maboksi, na nilipourudisha mtumbwi juu ya mawe na kufunika gunia, kabla ya mvua wakaonekana wadogo, wekundu, wengi kuliko mwanzo. Mume wangu alinionyesha kwa kidole kama mtu aliyeshinda kesi. Alisaidia hata kukata matete. Sijui nilimjibu nini, ila nakumbuka sikumpa chai.

Mama hakuimaliza baridi iliyofuata. Tulipanda kumzika. Mvua zilikuwa mbali bado, lakini mke wa kaka alinipeleka kuona ngolo alizokwisha kuziandaa, akaniambia zile mbegu zilimpa mavuno mazuri sana, na kwa upole wake akaniuliza kama anifungie kidogo. Kisha akasita. "Ila mama alisema nisikusumbue nazo. Alisema kule kwako hutaki mambo ya jembe." Ni mwanamke mwema, na alisema vile akidhani ananipunguzia mzigo. Nilimwambia asijisumbue. Matangani wajomba walimpokea mume wangu kama askofu. Kila mtu alikuwa amesikia habari ya kambale.

Siku hizi bibi shamba analeta watu kwangu kujifunza. Wanatoka hata Chiwanda. Ua umejengwa upya, matuta yamesimama, kuna maharage kila baridi, ya sokoni lakini mazuri. Udongo ni mweusi hadi mkono unapoishia. Nawaonyesha mtumbwi, nawaonyesha kinachofaa kulishwa na kisichofaa, nawaambia habari ya siafu, wanaandika.

Juzi mwanamke mmoja kijana aliuliza nilifundishwa na nani kulima ngolo kwenye mchanga. Kabla sijajibu, mume wangu akadakia kutoka kwenye benchi anaposhonea nyavu. Anapenda kuongea na wageni.

"Mama yake! Mama mkwe alikuwa mtu wa udongo haswa. Alikuja hapa, akaliona shamba hili kwa macho yake, akafurahi sana. Aliniambia mwenyewe."

"Hakuliona," nikasema.

Wageni wakacheka, wakadhani namtania mume wangu. Naye akacheka, akarudi kwenye nyavu zake. Sikuwa natania. Alichokiona mama ni mchanga, na kwa huo mchanga alinisamehe, akaenda kuzikwa akiwa amenisamehe kosa ambalo sikulitenda.